Chupa ya Chai Iliyopanda Rwenzori

Enzi zetu, sisi tuliokulia ukimbizini upande wa Uganda, nyumbani hapakuwa na saa. Sisi wa Kasese tulikuwa na mlima. Asubuhi, kabla jua halijakomaa, Rwenzori ulikaa wazi kwa muda wa kuchemsha chai tu, na juu kabisa ulionekana weupe kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba. Halafu mawingu yalishuka, mlima ukafungwa, na mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Keji! Mlima umefungwa na wewe bado unachana nywele?" Maana yake nilikuwa nimechelewa shule.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Nyinyi wa Arua na Adjumani mlikuwa na saa zenu pia, kengele ya misheni au vumbi la lori la posho. Leo niko Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba, na mpwa wangu Kiden, mwenye miaka kumi na sita, ana saa tatu: ya mkononi, ya simu na ya ukutani. Kila siku anachelewa.

Baba yangu aliendesha lori la pamba, ndiyo maana hatukukaa kambini kama ndugu zetu wengi. Tulipanga vyumba viwili pembeni mwa mji, pale barabara inapoanza kuelekea mlimani, katikati ya Wakonzo, wenyeji wa mlima ule. Baba na mama waligombana kwa Kibari, lugha ya kwetu, na kupatana kwa Kiarabu cha Juba. Shuleni tulisoma kwa Kiingereza, mtaani tulicheza kwa Kikonzo na Kiswahili. Bibi yangu, mama yake baba, tuliyemwita Haboba kama wanavyoitwa bibi wote wa Juba, alikuwa na Kibari na Kiarabu tu. Kiswahili alikikataa. Alisema hana haja ya lugha ya mahali anapopita. Wakati huo alikuwa amepita Kasese miaka minane.

Tulicheza kwepena kwa mpira wa majani makavu ya mgomba, uliofungwa kamba mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Ukikupata mgongoni, unalala kifudifudi siku mbili. Tulikata mashina ya migomba tukayakalia na kuteleza nayo mteremkoni, na sketi za shule zikarudi zimetoboka mahali pasipoelezeka kwa mama. Mchana tulikula bundu, ugali wa muhogo wa Wakonzo unaonata vidoleni, kwa samaki wa Ziwa George. Mama akipata unga wa mtama alitupikia kisra, mkate mwembamba kama karatasi, kwa mboga ya karanga. Watoto wa jirani walichungulia mlangoni wakaenda kutangaza kuwa Wasudani wanakula gazeti.

Rafiki yangu alikuwa Masika. Kwa Wakonzo jina hilo peke yake linakuambia kuwa ni binti wa kwanza. Baba yake, Mzee Baluku, alikuwa mpagazi. Aliondoka na wageni wenye miwani myeusi, akarudi baada ya siku nane au tisa, buti zake za mpira zimejaa tope, koti linanuka moshi. Tulimzunguka kabla hajatua mzigo.

Kwake ndiko nilikojua kuwa mlima una ghorofa. Ya chini ni msitu wa mbega na vinyonga wenye pembe tatu. Ukipanda unaingia kwenye mianzi, halafu kwenye miti iliyoota ndevu, kila tawi linaning'iniza ukungu na maji. Kisha tope la Bigo, ambapo unaruka kutoka kichaka hadi kichaka, na ukikosea hatua unazama mpaka kiunoni na wenzako wanakucheka kabla ya kukuvuta. Juu ya hapo, alisema, kuna mimea isiyo na akili: mingine imesimama kama mishumaa ya Pasaka, mirefu kuliko mtu, mingine ni kama kabichi zilizopanda juu ya nguzo kuwakimbia mbuzi. Mwisho ni mawe na ule weupe.

Alijua pia habari za zamani. Kwamba Wagiriki wa kale waliusikia mlima bila kuuona wakauita wa Mwezi. Kwamba wazungu wa baadaye walipita chini yake, wakaona mawingu tu, wakaendelea na safari. Kwamba alikuja mwana wa mfalme kutoka Italia na msafara wa wapagazi, akapanda kilele kirefu kuliko vyote, cha mita elfu tano na zaidi, akakipa jina la malkia wa kwao.

"Babu yangu alibeba kitanda yake," Mzee Baluku alituambia. "Kitanda ya chuma! Mpaka pale barafu inaanza. Malkia hakubeba hata kijiko. Lakini jina iko ya nani?"

Mwaka niliokuwa darasa la tano kiangazi kilikuja kikali, na Haboba akaugua homa. Siku ya tatu mama alikuwa sokoni, mimi nilikuwa nje na Masika, tukasikia Haboba anaita: "Moyo! Moyo!" Kabla sijainuka, mama yake Masika alikuwa ameshasikia na ameshatoka mbio.

"Jamani! Bibi ya Keji anakufa! Moyo inamkamata!"

Mtaa mzima ulikuja. Wanaume sita walileta kitanda cha kamba cha kumbebea hospitali, na katekista akafika ameshafungua kitabu. Walipomwinua, Haboba aliketi akawatukana kwa Kibari, mmoja mmoja. Alitaka maji. Kwa Kiarabu cha Juba, moyo ni maji. Nilipowaeleza, mama yake Masika aliketi chini akacheka mpaka akalia, na tangu siku hiyo, akienda kisimani, aliniambia anakwenda kuchota moyo.

Lakini maji yenyewe Haboba aliyakataa. Alisema ni ya moto, yananuka ndoo. Alikataa uji, akakataa supu. Mganga wa zahanati alikuja na vidonge, Haboba akavificha shavuni, akavitema mganga alipogeuka. Kitu alichosema kilikuwa kimoja: "*Ana der telij bes.*" Nataka telij, basi.

Telij ni barafu. Haboba alipokuwa msichana alifua nguo Juba kwa mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki, na kila Jumamosi alipewa bonge la telij lililofungwa kwenye gunia. Alilibeba kichwani mpaka mtaani kwao Hai Cinema, maji yanamtiririka shingoni, watoto wanamfuata nyuma. Alitusimulia hilo mara nyingi, na kila mara bonge lilikuwa kubwa zaidi. Mtaani kwetu Kasese friji ilikuwa moja, ya baa, nayo ilikuwa imekufa. Mwenye baa aliweka chapati humo ili panya wasizifikie.

Wiki ilipokatika nilimsikia mama akimwambia baba, taratibu: "Mama hatafika mvua." Haboba alikuwa amelala umbali wa mkono mmoja. Sijui kama alisikia. Mimi nilisikia, na ndipo nilipoanza kufikiri.

Juma lile lile mwalimu alifundisha juu ya mlima wetu. Alisema uko karibu na mstari wa ikweta, na bado una theluji mwaka mzima. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, theluji ni telij?"

"Ni nini?"

"Telij."

"Wewe Keji, rudisha hiyo Kiarabu kwenu," akasema, na darasa likacheka. Lakini wakati wa mapumziko Masika aliniambia kuwa kwao wanaiita nzururu, na ndiyo iliyoupa mlima jina. Theluji, telij, nzururu. Nilikuwa na majina matatu ya kitu kimoja, na kitu chenyewe kilikuwa juu ya choo cha shule, nakiona kila asubuhi. Haboba anataka telij na Mungu ameilundika pale bure. Sikuelewa kwa nini wakubwa wanakaa.

Jumamosi tulitoka mimi na Masika tukiwa na sufuria. Tulitembea tangu mlima ulipofunguka mpaka jua likawa la utosi, tukafika mto Mubuku pale msitu unapoanza. Mama mmoja alikuwa analima muhogo.

"Na sufuria hiyo mnakwenda wapi?"

"Kuchukua nzururu," Masika akajibu.

Yule mama aliegemea jembe. "Nzururu iko siku nne. Na mmebeba chakula gani?"

Tulikuwa na miwa miwili, na mmoja tulikuwa tumeshaumaliza.

Kabla ya kurudi tulitia miguu mtoni. Maji yalikuwa baridi mpaka mifupa ikauma, na hilo lilinipa uhakika kuwa tulikuwa kwenye njia sahihi. Tulijaza sufuria. Tulipofika nyumbani yalikuwa ya vuguvugu, na nusu ilikuwa kwenye sketi yangu.

Jumatatu Mzee Baluku alikuwa anajiandaa kupanda na wageni. Hapo ndipo tulipokumbuka chupa ya chai ya mama. Ilikuwa nyekundu, na maua ya waridi, zawadi ya akina mama wa kanisa, na ndicho kitu pekee nyumbani kisichoguswa na mtoto. Tulibishana juu yake nyuma ya choo.

"Hiyo ni ya moto," Masika alisema. "Utaweka barafu, itaichemsha."

"Haichemshi. Inatunza."

"Inatunza moto! Umeona nani anaweka baridi ndani?"

"Chupa haijui nini iko ndani."

"Kama haijui, inatunza namna gani?"

Swali hilo nilikuja kulijibu nikiwa mtu mzima, nilipovunja chupa moja kwa makusudi ili nione imeundwaje. Siku ile niliichukua tu ile ya mama, nikaifunga kwenye kanga, nikampelekea Mzee Baluku.

Aliitazama kwa muda. "Wewe mtoto ya Sudani iko na kichwa ngumu. Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Anajua?"

"Hajui, Mzee. Lakini Haboba hatafika mvua."

Mzee Baluku alikuwa amebeba mizigo ya watu tangu ujana, na nadhani alijua kuangalia mzigo akakadiria uzito wake. Aliiweka chupa katikati ya blanketi lake. "Ikivunjika, mimi sikuiona," akasema.

Siku nane. Mama aliitafuta chupa chini ya vitanda, kwenye magunia, mpaka kwenye banda la kuku. Akamshuku katekista, kwa kuwa ndiye mgeni wa mwisho aliyenywa chai. Alipokuja kumwombea Haboba, mama alifumba jicho moja tu wakati wa sala, jingine likabaki kwenye mkoba wa katekista. Kila asubuhi nilitazama ule weupe nikamwambia Haboba kwa Kiarabu changu kibovu: "Telij inakuja." Akanijibu kuwa hata yule Mgiriki alikuwa anasema hivyo lori likichelewa. Alikuwa mwepesi sasa. Nilimgeuza kitandani peke yangu.

Siku ya nane, jioni, Mzee Baluku alikuja moja kwa moja kwetu, na buti zake za tope, hajapita hata kwake. Chupa ilikuwa mkononi. Mama aliiona, akaniona mimi, akachukua mwiko.

"Ngoja kwanza, Mama Keji," Mzee Baluku akasema. "Baadaye utampiga. Mimi nitamshika." Halafu akanigeukia. "Nilijaza kabisa, na kisu. Jana ilikuwa inalia ndani, ko-ko-ko. Leo asubuhi imenyamaza."

Nilifungua kifuniko. Yalikuwa maji. Niliinamisha chupa huku na huku nikitafuta hata kipande cha ukubwa wa punje ya hindi. Hakikuwamo. Nilianza kulia, si kwa kilio cha kuogopa mwiko.

Ni mama aliyemimina. Kikombe cha bati kilitoka jasho kwa nje, na hapo mama akakishika kwa mikono miwili, akasahau mwiko. Akamwinua Haboba. Haboba alinusa kwanza. Akanywa kidogo, akalikalisha lile funda mdomoni, akameza. Akanywa lote. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia siku nyingi:

"*Moyo de, moyo ta Bahr el Jebel.*"

Maji haya ni maji ya Bahr el Jebel. Ndilo jina la Nile pale Juba, mto wa mlima. Mama alinitazama kwa macho ya huruma, maana yake bibi yako ameshachanganyikiwa, anadhani yuko nyumbani. Lakini Mzee Baluku, aliyekuwa mlangoni, ambaye Kiarabu alichokijua kilikuwa kile cha kuitia mbuzi wa Waarabu sokoni, alisikia maneno mawili tu: moyo, na jebel, yaani mlima. Akavua kofia.

"Bibi anasema moyo ya mlima," akasema polepole. "Ni kweli. Ni hiyo."



Mama alimpimia Haboba maji yale kwa kijiko, siku tatu, kama dawa. Siku ya pili aliomba uji. Mvua aliifika, akapita mvua ile, akafika hata mavuno ya muhogo. Alifariki usingizini, na tukamzika pale pale Kasese mteremkoni, kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga barabara zote za kurudi, ingawa alikuwa ametuomba Juba. Hilo lilimkaa baba rohoni mpaka naye alipofariki. Mwiko niliupata, msiwe na wasiwasi, na katekista aliombwa radhi kwa chai.

Shule niliiacha darasa la sita. Watu husema ni shida, na shida ilikuwepo, lakini ukweli ni kwamba mambo niliyotaka kuyajua yalikuwa yanapita barabarani, nami nikayafuata. Nimeuza samaki wa kukaushwa, nimewapikia wajenzi wa barabara, nimekaa miji ambayo majina yake nimeyasahau. Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu nilirudi Kasese, nikapanda mlima kama mpishi wa wapagazi. Bigo nilizama mpaka kiunoni, na walicheka kabla ya kunivuta. Mzee Baluku alikuwa na mvi, bado anapanda, ingawa sasa alibeba fimbo tu na maneno.

Siku ya nne alinionyesha mwamba. "Hapa ndipo nilijaza chupa ya mama yako."

Hapakuwa na barafu. Mwamba ulikuwa mkavu, umechanikachanika. Barafu ilikuwa juu, mwendo wa kumaliza sigara nzima. Tulipoifikia niliigusa. Ilikuwa ya kijivu na chafu kidogo, na chini yake maji yalikuwa yanatoka, membamba kama mkojo wa mtoto, yanajipenyeza kwenye mawe.

Miaka baadaye, amani ilipokuja na sisi sote tukawa tunarudi, lori letu lilikwama Nimule likingoja karatasi. Kwenye ofisi ya wakala ukutani kulikuwa na ramani. Mimi siwezi kupita ramani bila kusimama. Niliweka kidole Rwenzori, nikafuata mstari wa buluu. Mubuku unaingia Ziwa George. Ziwa George linamiminika Ziwa Edward. Kutoka pale mto Semliki unauzunguka mlima kwa nyuma mpaka Ziwa Albert. Kutoka Ziwa Albert inatoka Nile, inakuja Nimule, inaingia kwetu. Kidole kilipofika Juba, pembeni mwa mstari paliandikwa Bahr el Jebel.

Nilikaa chini kwenye ofisi ya watu. Karani aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia bibi yangu hakuwa amechanganyikiwa. Akasema hongera, na karatasi zenu bado.

Siku hizi Kiden, anayeniita Khaltu, yaani dada wa mama, hunicheka. Nikimwuliza jebel ni nini, ananijibu, "Si soko, Khaltu?" kwa kuwa Jebel anayoijua yeye ni soko lenye kituo cha boda. Nikimwambia nimepanda Rwenzori, anautafuta kwenye simu, anautazama kwa muda wa kupiga chafya, anasema ni mzuri. Yeye akipanda ngazi mbili anaomba soda. Telij inauzwa soko la Konyo Konyo, inakatwa kwa msumeno, inaletwa kwa boda imefungwa gunia, na hakuna mtoto anayeikimbilia. Kule mlimani wapagazi wananiambia inazidi kupanda juu, na juu kunakaribia kuisha.

Asubuhi gari la maji hupita Gumbo, limetoka kujaza mtoni, na mwenye gari huita, "Moyo! Moyo!" Jirani yetu aliyetoka Kenya juzi alitoka mbio wiki ya kwanza, miguu mitupu, akiuliza nani anaumwa. Nilimweleza, naye akaketi chini akacheka kama mama yake Masika.

Maji nayachemsha, nayapoza kwenye mtungi. Kiden hukimbilia kikombe na bonge lake la telij. "Khaltu, ngoja, hayajapoa."

Mimi hunywa kikombe cha kwanza kabla hajatia telij. Nayakalisha mdomoni kidogo, kama Haboba, kisha nameza. Kasese hatujarudi kumchukua Haboba, na sidhani kama tutarudi. Namwambia Kiden sasa atie.